Nani alipie tasnifu ya michoro ya Katanga?

Katika miaka ya 1970, kwenye sebule nyingi za wafanyakazi wa migodi huko Likasi, Lubumbashi na Kolwezi, miji ya Katanga nchini Kongo, ukutani kulikuwa na picha iliyochorwa kwenye kitambaa cha gunia la unga. Mfungwa amelala kifudifudi, askari Mwafrika anamchapa kiboko, ofisa Mzungu amesimama kando akitazama, na juu yao inapepea bendera ya Ubelgiji. Wachoraji waliiita Colonie belge, yaani koloni la Ubelgiji, na wanunuzi waliitundika kwa ajili ya ukumbusho, pamoja na mamba muntu (nguva) na sura ya Lumumba. Leo mtu akitaka kuzichunguza picha hizo kwa wingi hatazikuta Likasi. Jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, mwaka 2013 lilipokea michoro ya Kikongo ipatayo 2,000 aliyoikusanya mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki. Picha 101 ambazo mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alisimulia kwazo historia ya nchi yake, zilizokusanywa na mwanaanthropolojia Johannes Fabian mjini Lubumbashi miaka ya 1973 na 1974, ziko Amsterdam.

Kuwa mbali kwa picha hizo si tatizo la umbali pekee. Anayelipia tasnifu ndiye anayeamua nani ataiandika, kwa lugha gani, na swali lipi litaulizwa. Historia ya sanaa ni fani ya gharama kwa sababu mtafiti hawezi kutegemea picha ya kwenye simu: lazima aone rangi ilivyopakwa, sahihi ya mchoraji, na nyuma ya kitambaa ambako maandishi ya gunia huenda bado yanasomeka. Kwa mtafiti wa Katanga hiyo maana yake ni viza, nauli ya ndege, miezi ya kulala na kula Ulaya, na pengine ada ya kuruhusiwa kuchapisha picha iliyotoka mjini kwao. Wengi wanaosomea uzamivu Kongo ni wahadhiri wasaidizi, wanaoandika usiku baada ya vipindi, na gharama ya kuchapa nakala za jopo la mtihani huitoa mfukoni.

Fedha za kigeni zipo, lakini zina mipaka yake. Ufadhili mkubwa wa tasnifu wa Baraza la Utafiti wa Sayansi za Jamii la Marekani, ulioanza miaka ya 1990, uliwalipa wanafunzi wa vyuo vya Marekani kwenda kutafiti popote duniani. Mpango wa baraza hilohilo kwa wasomi wa Afrika, ulioanza mwaka 2011, ulilenga Ghana, Kenya, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda; Kongo haikuwamo. Hivyo mwanafunzi wa Chicago angeweza kulipiwa kuja Likasi, ilhali wa Likasi hangeweza kuomba katika mipango hiyo. Hata wenyeji wengine husomea nje: Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa wafanyakazi wa Katanga, uzamivu wake aliupatia Université Laval ya Québec, na msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, wa kwake aliuanzia Antwerp.

Wapo watakaosema wageni wametufaa. Ni kweli, na wanastahili shukrani: bila Fabian huenda sauti ya Tshibumba ingepotea kabisa, kwa kuwa mchoraji mwenyewe hakusikika tena tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fabian alizungumza naye kwa Kiswahili cha Katanga, na baadaye akayaweka wazi maandishi ya mazungumzo hayo. Lakini kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu picha hizo kilitoka California kwa Kiingereza, na hoja zake zinajibu mijadala ya wanaanthropolojia wa Ulaya na Marekani. Bado hatujaambiwa vya kutosha nani alinunua picha hizo mitaa ya Kikula na Panda mjini Likasi, kwa nini familia ziliziuza au kuzitupa, wala nani aliwafundisha kazi wachoraji ambao hawakukutana na profesa yeyote. Tshibumba alizaliwa mwaka 1947. Wanunuzi na wachoraji wa rika lake wamekaribia miaka 80, nao hawatausubiri ufadhili.

Pingamizi zito zaidi ni la maji, umeme na dawa: mji wenye shida hizo ulipieje tasnifu za michoro? Lakini si lazima fedha zitolewe kwenye zahanati. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaigawa mirabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka ya eneo lenye mgodi, na 10 mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo. Shaba ikishachimbwa hairudi, na kizazi kijacho kitahitaji zaidi ya lami kujua baba zao waliishije juu ya shaba hiyo. Kuwalipia watafiti watatu au wanne kwa wakati mmoja kutoka kwenye mafungu hayo ni mzigo mdogo kwa jimbo linalouza shaba na kobalti duniani. Marekani ilifanya jambo kama hilo tangu mwaka 1992, wakfu wa Luce ulipoanza kugharamia tasnifu za sanaa ya Marekani yenyewe, bila kungoja mgeni aithamini.

Hofu ya kwamba fedha zitaishia kwa watoto wa wakubwa ina msingi, na haijibiwi kwa maneno matamu. Maombi yatangazwe hadharani Likasi na Lubumbashi, na majina ya waliopata na waliokosa yabandikwe pamoja na sababu. Jopo lichanganye walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wasomi wa nje ya jimbo na mchoraji anayejulikana mjini. Malipo yatolewe kwa awamu: mahojiano yakishakusanywa, safari ya Tervuren au Amsterdam ikishafanyika, sura zikishasomwa. Na kila anayelipwa akabidhi rekodi za mahojiano pamoja na muhtasari wa tasnifu kwa Kiswahili kwenye maktaba ya Likasi kabla ya kupokea fungu la mwisho.