Baipasi ya moyo: si kila mshipa uliobana unahitaji kuungwa

Wengi tulio nje tunaijua simu ya aina hii. Mzee wa nyumbani amepigwa picha ya moyo, ameambiwa mishipa mitatu imebana, anatakiwa baipasi, na ukoo unaanza kuchanga. Swali letu la kwanza huwa bei. Sisi tunaona liko la kutangulia: je, mishipa yote mitatu inaunyima moyo damu?

Picha huonyesha umbo tu. Palipobana paweza kutisha kwenye skrini, na damu ikawa inapita ya kutosha. Ndiyo sababu Nico Pijls wa Uholanzi na Bernard De Bruyne wa Ubelgiji, katika miaka ya 1990, walikuza kipimo kiitwacho FFR. Waya mwembamba wa kupimia presha hupitishwa ndani ya mshipa mpaka ng'ambo ya palipobana. Mgonjwa hupewa dawa, mara nyingi adenosini, ili damu ikimbie kwa wingi, kisha presha ya ng'ambo hugawanywa kwa ile ya aota. Mshipa mzima hutoa 1. Ikiwa 0.80 au chini, huhesabiwa kuwa moyo unapunjwa.

Kwa mpasuaji, hesabu hii ina uzito wake. Akiunga mshipa wa mguuni au kifuani kwenye njia ambayo bado inapitisha damu vizuri, njia mbili hushindana, na ile mpya huweza kuziba. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007, wenye wagonjwa 164, ulikuta baada ya mwaka kwamba asilimia 21.4 ya viungo vilivyowekwa pasipo na haja vimeziba, dhidi ya 8.9 penye haja.

Lakini tusishangilie mno. Majaribio mawili yaliyofuata, la Denmark (2018, wagonjwa 100) na GRAFFITI (2019, wagonjwa 172), hayakuona tofauti hiyo ya kuziba. Katika GRAFFITI waliopimwa waliungwa sehemu chache zaidi, yaani operesheni nyepesi, bila kuonekana madhara zaidi katika mwaka wa kwanza. Kwa mzee wa miaka 70, hilo si dogo.

Kipimo hufanywa wakati wa kupiga picha, kabla ya chumba cha upasuaji. Basi ulizeni mapema, kabla tarehe haijapangwa, na muulize pia bei ya waya, maana hutumika kwa mgonjwa mmoja tu.