Pedali ya Breki Ikizama

Siku moja tulipanda pikapu kutoka soko la Mwika. Nyuma ilijaa mikungu ya ndizi. Mmoja wetu alikaa mbele na dereva. Tulipoanza kushuka kuelekea Himo, aliona goti la dereva linapanda na kushuka bila kupumzika. Akamwuliza, "Mbona unakanyaga breki mara tatu tatu?" Dereva akacheka. "Usijali mzee, gari hili ndivyo lilivyo. Nimelizoea."

Tulifika Himo salama. Lakini breki mbovu haizoeleki. Lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000. Motokaa inayotoka huko juu na mzigo hushuka mteremko mrefu sana, tena wenye kona. Kwa hiyo leo tutaeleza kwa nini pedali huwa laini au huzama, na la kufanya. Tunasema juu ya magari madogo tu. Malori makubwa yenye breki za upepo ni habari nyingine.

Ukikanyaga pedali, unasukuma mafuta ya breki yaliyomo ndani ya masta silinda. Mafuta yanapita kwenye bomba nyembamba hadi magurudumuni. Huko yanasukuma pedi zibane diski, au breki shuu zitanuke ndani ya dramu. Mafuta hayabonyei, lakini hewa inabonyea. Chukua bomba la sindano bila sindano yake. Vuta maji, ziba tundu kwa kidole, sukuma. Haliendi! Sasa vuta hewa, fanya vivyo hivyo. Linabonyea, na ukiachia linarudi. Hewa kidogo ikiingia katika breki, mguu wako unabonyeza hewa badala ya kusimamisha gari.

Je, utajuaje ubaya uko wapi? Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zima injini. Kanyaga pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Halafu ikanyage kwa nguvu na ushikilie, ukihesabu polepole hadi 30. (Ukiwasha injini huku umekanyaga, pedali itashuka kidogo. Hiyo ni kawaida, usiogope.)

Pedali ikidunda kama godoro, kuna hewa ndani. Ikienda chini mara ya kwanza, kisha mara ya pili ikapanda na kuwa ngumu bila kudunda, huenda breki shuu zimelika au ziko mbali na dramu. Zinataka kurekebishwa.

Ikiwa ngumu kwanza, halafu ikazama polepole chini ya mguu wako, mafuta yanatoroka. Hapo tazama kikopo cha mafuta. Yakipungua, kuna mahali panavuja. Ni kama mfereji uliotoboka huko juu: kihamba cha chini hakipati maji. Fuata bomba zote, na mipira inayokwenda magurudumuni. Usisahau upande wa ndani wa matairi. Kama mafuta hayapungui na hakuna palipolowa, raba za ndani ya masta silinda zimechoka. Mafuta yanarudi nyuma humo humo. Kumwagia mafuta mapya hapo ni kupoteza fedha.

Iko breki nyingine ya ajabu. Asubuhi ni nzima, ukishuka mlima mrefu inalainika, gari likipoa inapona. Wengi hudanganyika hapo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Sentigredi. Yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabonyea. Ndiyo maana mafundi wengi hushauri kuyabadilisha kila miaka 2. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Usitie maji, wala oili ya injini hata kidogo, maana oili huvimbisha raba zote.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu mara nyingi ni la nyuma kushoto. Vika mpira mwembamba kwenye niplo, na ncha yake iwe ndani ya chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Fundi anasema, "Kanyaga! Shikilia!" Halafu analegeza niplo. Mafuta na mapovu yanatoka, pedali inazama. Mwenzake asiinue mguu kabisa mpaka niplo ifungwe. Ndipo fundi aseme, "Achia!" Rudieni mpaka mapovu yaishe, kisha nendeni gurudumu la pili. Mkiacha kikopo kikauke, kitavuta hewa na mtaanza upya. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe kwenye kikopo. Tumewaona mafundi wanaoyarudisha, na inatukasirisha. Gari lenye ABS huenda likahitaji mashine ya gereji.

Pedali ikizama mteremkoni, ondoa mguu kwenye moto, kanyaga breki haraka haraka, shusha gia moja moja, na vuta breki ya mkono polepole. Usizime ufunguo, maana usukani unaweza kufunga. Na wale wanaoshuka kwa gia huru ili kuokoa mafuta, wanaziachia breki peke yake kazi yote.

Ile pikapu ilifunguliwa pale Himo. Silinda ndogo ya gurudumu la nyuma ilikuwa inavuja ndani ya dramu, na breki shuu zilikuwa zimelowa. Zililowa hivyo hazifai kusuguliwa kwa msasa, zilitupwa. Fundi alitia raba mpya, akatoa hewa, akaliendesha tambarare mwendo wa mtu anayetembea, akifunga breki mara kwa mara. Aliporudi alichungulia tena nyuma ya kila tairi. Pakavu. Ndipo ndizi zikapakiwa.