UMEME WA GARI KUUKUU: TUUJUE KABLA HAUJATUUNGUZA



Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 mji wa Arusha ulijaa magari ya Land Rover. Yalikuja mamia kwa mamia, yakapita barabarani kwa msafara mmoja. Miongoni mwake yalikuwemo makuukuu, ya miaka mingi, ambayo bado yanatembea.

Jambo hilo halikutushangaza sana. Huku kwetu, chini ya Mlima Meru, gari halitupwi. Baba analinunua, mtoto analirithi, na mjukuu anajifunzia udereva. Jumamosi linabeba ndizi kwenda soko la Tengeru. Jumapili linapeleka familia kanisani au arusini. Usiku likisikia mama ana uchungu wa kuzaa, nalo ndilo linalompeleka hospitali.

Lakini gari likizeeka, nyaya zake nazo zinazeeka. Injini tunaisikia inapokohoa. Tairi tunaliona linapoisha. Umeme hatuuoni. Ndiyo maana magari mengi yanazimika njiani, na mengine yanaungua, kwa sababu ya kasoro ndogo ambayo ingeweza kutengenezwa mapema. Leo tuzungumze habari hiyo.

UMEME WA GARI UNATOKA WAPI?

Umeme wa gari una vyanzo viwili. Cha kwanza ni betri. Cha pili ni alteneta. Magari ya zamani sana yana dinamo badala ya alteneta, lakini kazi ni ileile.

Betri ni kama ghala. Ndani yake mna vyumba sita. Kila chumba kina sahani za risasi na maji yenye asidi, na hutoa volti 2 hivi. Vyumba sita kwa volti 2 ni volti 12.

Alteneta ni kama mkulima anayejaza ghala. Inazungushwa na injini kwa mkanda wa feni. Injini ikiwaka, alteneta inarudisha umeme kwenye betri. Mkanda ukilegea au ukikatika, ghala halijazwi. Tunakula akiba tu, mpaka inakwisha.

Umeme ukitoka kwenye betri hupita kwenye waya, ukafika kwenye taa, kisha lazima urudi kwenye betri. Je, unarudi kwa njia gani? Unarudi kupitia chuma cha gari lenyewe. Njia hiyo mafundi wanaiita bodi. Basi tukumbuke: umeme usiporudi, taa haiwaki.

KASORO TUNAZOKUTANA NAZO

1. Betri kufa asubuhi. Mwezi wa Juni na Julai kuna baridi kali huku Meru. Betri dhaifu hulemewa na baridi. Ukiwasha, unasikia "tik, tik" tu. Kabla ya kununua betri mpya, fungua boneti uangalie vichwa viwili vya betri, pale nyaya nene zinapofungwa. Mara nyingi utaona unga mweupe au wa kijani. Unga huo unazuia umeme kupita. Zima gari, fungua nyaya, safisha vichwa kwa maji ya moto na brashi, kausha, funga kwa nguvu, kisha paka grisi kidogo. Betri nyingi zimetupwa bure kwa sababu ya unga huo tu.

2. Maji ya betri kupungua. Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua, angalia kila mwezi. Maji yafunike sahani. Ongeza maji ya betri yanayouzwa dukani kwa chupa. Usiongeze maji ya mto wala ya bomba. Sisi wa huku tunajua jinsi maji yetu yalivyo na madini. Watu wengi wa Maji ya Chai na vijiji vya jirani wana meno ya rangi ya kahawia kwa ajili ya madini ya floridi. Betri nayo haitaki maji yenye madini.

3. Taa nyekundu ya betri kuwaka njiani. Ukifungua swichi taa hii huwaka, na injini ikishika huzimika. Hiyo ni sawa. Lakini ikiwaka wakati unaendesha, maana yake betri haijazwi. Simama mahali salama, zima injini, angalia mkanda wa feni. Ukiendelea na safari ya usiku hivyo hivyo, taa zako zitafifia, na mwisho gari litazimika. Fikiria jambo hilo likitokea kwenye barabara ya Arusha na Moshi, mabasi na malori yanapita kasi, na gari lako liko gizani halina taa hata moja nyuma.

4. Taa kuchanganyikiwa. Unakanyaga breki, lakini taa ndogo ndizo zinazimika. Unawasha indiketa ya kulia, na taa nyingine nazo zinapepesa. Watu husema gari limelogwa. Halikulogwa! Bodi imeharibika. Umeme umekosa njia ya kurudi, basi unatafuta njia kupitia taa nyingine. Kwa Land Rover za zamani shida hii ni ya kawaida, kwa sababu bodi yake ni ya aluminiamu na fremu yake ni ya chuma. Metali hizi mbili zikikutana na maji huliana. Dawa yake ni kufungua waya wa bodi, kukwangua kutu mpaka chuma king'ae, na kufunga tena.

5. Waya ulioliwa na panya. Wengi wetu tunalaza gari karibu na ghala la mahindi. Panya akishiba mahindi anakuja kunoa meno kwenye waya. Pia vumbi la huku, ambalo asili yake ni majivu ya volkano, linaingia kila mahali na kusaga ngozi ya waya pale unapogusana na chuma. Waya ukibaki uchi ukagusa bodi, hiyo ndiyo shoti.

SHOTI NI NINI, NA KWA NINI INAUNGUZA?

Watu wengine husema: "Volti 12 haiwezi kuniua, nimeishika mara nyingi." Ni kweli, mtu akishika vichwa vya betri kwa mkono mkavu hatikiswi. Lakini hatari ya betri siyo kutikisa. Hatari yake ni kuunguza.

Betri ya gari ina nguvu ya kuzungusha injini nzima. Wakati wa kuwasha, stata hula ampea 100, 200 au hata zaidi. Ampea ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita. Sasa spana ikiangukia vichwa viwili vya betri, umeme wote huo unapita kwenye spana. Inakuwa nyekundu mara moja. Pete ya ndoa ikiguswa namna hiyo inaweza kukata kidole. Basi vua pete na saa kabla ya kushika betri.

Tena, nyaya za plagi zina umeme wa volti maelfu mengi. Usizishike injini ikiwa inawaka.

FYUZI NI MLINZI

Fyuzi ni kijiwaya chembamba kilichowekwa makusudi kiungue kwanza. Umeme ukizidi, fyuzi inakatika, na waya mkubwa unapona. Fyuzi ni kama mlinzi wa usiku anayepiga kelele. Je, mlinzi akipiga kelele tunamfunga mdomo?

Lakini ndivyo tunavyofanya. Mazungumzo kama haya si mageni gereji:

"Fundi, fyuzi imekatika tena. Nifungie waya tu, nina safari."

"Shikamoo mzee. Nikifunga waya utaondoka sasa hivi. Lakini ile shoti bado imo. Siku nyingine haitakatika fyuzi, litaungua gari."

"Marahaba kijana. Basi itafute hiyo shoti. Nitapanda daladala."

Mzee huyo kachagua vizuri. Ukifunga waya wa shaba, msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, unakuwa umemfukuza mlinzi. Waya utapata moto kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ndani ya bodi usikoona, chini ya viti walikokaa watoto.

Land Rover nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilikuja na fyuzi chache sana, mara nyingi mbili tu. Taa kubwa za mbele hazikupita kwenye fyuzi. Mwenye gari kama hilo amwombe fundi aongeze fyuzi.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Siku hizi tunaongeza vitu: taa za ziada, redio yenye spika kubwa, chaja za simu. Waya wa zamani haukutengenezwa kwa mizigo hiyo. Kujua mzigo ni rahisi. Gawanya wati kwa volti, utapata ampea.

Taa kubwa mbili, kila moja wati 55, ni wati 110. Gawanya kwa 12. Jibu ni ampea 9 na kidogo.

Ukiongeza taa mbili za wati 100 kila moja, ni wati 200. Gawanya kwa 12. Ni karibu ampea 17. Ukiziunganisha kwenye waya uleule, jumla ni ampea 26. Ni kama kumtwika punda mmoja mizigo ya punda watatu. Waya utapata moto. Taa za ziada ziwe na waya wake mnene, fyuzi yake na rilei yake.

GESI, ASIDI NA PETROLI

Betri inapojazwa hutoa gesi ya haidrojeni. Gesi hii haina rangi wala harufu, na inalipuka. Kwa hiyo usivute sigara karibu na betri. Usimulike betri kwa kibiriti wala koroboi.

Asidi inapofuka macho. Ikikuingia machoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali. Usingoje kesho.

Unapofungua betri, anza na waya wa upande wa bodi. Unapofunga, huo uwe wa mwisho. Katika magari mengi upande wa bodi ni hasi. Lakini Land Rover za kabla ya mwaka 1967 hivi, bodi yake ni chanya! Angalia alama kwanza, hasa unapoazima umeme kwa gari la jirani.

Petroli nayo tuihofu. Mvuke wake hauonekani, na cheche moja inatosha. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakakimbilia kuchota petroli. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 walikufa. Hatuwezi kusahau. Basi ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari, usiguse swichi yoyote. Fungua milango, watu watoke, ndipo utafute inapovuja.

GARI LIKISHIKA MOTO

Kwanza utasikia harufu ya mpira au plastiki inayoungua. Usiseme "tutaangalia tukifika". Fanya hivi:

Simama pembeni. Zima swichi. Toa watu wote, watoto na wagonjwa kwanza, wakae mbali. Mizigo iache.

Kama ni moshi tu, na unaweza kufika kwenye betri salama, ondoa waya wa bodi.

Kama kuna moto, usifungue boneti wazi, kwa maana upepo utauchochea. Tumia mtungi wa unga wa kuzimia moto kupitia mwanya mdogo. Kama huna, mwaga mchanga au udongo mkavu. Usimwage maji kwenye petroli inayowaka. Piga simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Moto ukiwa umekua, usipigane nao. Gari linanunuliwa. Mtu hanunuliwi.

Na gari likizimika barabarani usiku, weka pembetatu zinazong'aa mbele na nyuma, mbali kiasi cha hatua 60 au zaidi. Ukiweka matawi, uyaondoe unapoondoka. Matawi yaliyoachwa yameleta ajali.

TUFANYE NINI SASA?

Tukague magari yetu kabla ya masika, yaani kabla ya mwezi wa Machi. Tuangalie mkanda, maji ya betri, vichwa vya betri, taa zote na ngozi ya nyaya. Kazi hiyo haizidi saa moja. Ile inayotushinda tumpelekee fundi aliyesomea umeme wa magari. Vyuo vya VETA vinawafundisha vijana wetu kazi hiyo.

Betri iliyokufa tusiitupe shambani wala mtoni. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Tuiuze kwa wanaonunua betri chakavu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni magari mangapi yana waya au msumari mahali pa fyuzi?
2. Kwa nini maji ya bomba hayafai kwa betri?
3. Gari lina taa mbili za wati 60 kila moja. Zinakula ampea ngapi?
4. Gari linalobeba wagonjwa wetu usiku, nani analikagua, na lini?