AFYA YETU: Tangi la Maji Machafu Linapovuja

Safari hii tunazungumzia jambo ambalo wengi huona aibu kulitaja mbele za watu. Mama mmoja wa Mikumi ametuuliza hivi: kijana wake ni fundi gereji kando ya barabara kuu iendayo Iringa, na mara nyingine huletewa magari ya watalii yenye choo ndani. Vali ya tangi la choo hutoa matone, na matone hayo huanguka pale pale ambapo wadogo zake wanacheza. Je, kuna hatari, na afanyeje?

Hatari ipo. Kinyesi cha binadamu huweza kubeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu, pamoja na mayai ya minyoo. Mtu aweza kubeba kipindupindu bila kuonyesha dalili yoyote, kwa hiyo tusiseme, "Hawa wageni wanaonekana wazima." Kuku hupita pale, mtoto huokota kitu pale, na mvua ikinyesha uchafu huelekea mtoni au kisimani. Ndugu zetu wa Kilosa wanaelewa vizuri jinsi maji yanavyosambaza uchafu. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maelfu walikosa makazi. Mafuriko ya namna hiyo yakiingia kwenye vyoo, yaliyokuwa shimoni hufika kwenye maji ya kunywa.

Sasa tuitazame vali yenyewe. Ni kitu rahisi: bamba linaloteleza katikati ya mipira miwili. Ukivuta mkono wake bamba hutoka na maji hushuka. Ukisukuma, bamba hurudi na mipira hulibana. Huvuja kwa sababu ya karatasi au uchafu mgumu uliokaa kwenye mfereji wa bamba, au mpira uliokauka na kupasuka, au boliti zilizolegea. Kwa maoni yetu fundi aanze na ile ya kwanza, maana haina gharama.

Kijana avae glovu za mpira na viatu vilivyofunika miguu. Tangi limwagwe lote kwenye choo cha shimo au kwenye karo, kamwe si korongoni. Kisha atie maji mengi na kufungua na kufunga vali mara kadhaa ili mfereji ujisafishe. Ikiwa bado inavuja, akaze boliti kwa zamu, kidogo kidogo, kwa sababu kuzikaza kwa nguvu upande mmoja hupindisha plastiki. Ikishindikana, afungue boliti, atoe vali, asafishe mifereji na kuweka mipira mipya ya kipimo kile kile. Hapa mafundi wengi hukosea: hupaka grisi ya gari. Grisi ya mafuta ya petroli huweza kuvimbisha mpira na kuuharibu. Inafaa grisi ya silikoni. Akimaliza, atie ndoo mbili za maji safi, aweke karatasi kavu chini ya vali na kusubiri nusu saa. Karatasi ikilowa, kazi haijaisha. Kifuniko cha nje cha bomba ni msaada tu; tusikubali kifiche ubovu wa vali.

Mwenye gari naye ana wajibu. Gari likiegeshwa na kuunganishwa na bomba la karo, vali isiachwe wazi siku nzima. Maji hutangulia, uchafu mzito hubaki nyuma na kukauka, na huo ndio unaokuja kuzuia bamba. Vali ifungwe mpaka tangi likaribie kujaa, choo kitiliwe maji ya kutosha kila kinapotumika, na tangi lisuuzwe kila likimwagwa.

Huenda msomaji asiye na gari atasema haya hayamhusu. Lakini gari linalokuja kunyonya karo la nyumbani nalo lina vali. Kabla mpira wa kunyonyea haujachomolewa, mwombe dereva afunge vali, na uweke ndoo chini ya maungio. Ukiona gari linaacha mstari wa maji barabarani, mwambie hapo hapo.

Hata tangi dogo la kuflashi lina mpira wake. Ukichakaa, maji safi huingia chooni usiku na mchana. Yakitoka lita 1 kila dakika 5, ni lita 288 kwa siku, na zote huenda kwenye karo. Udongo hushindwa kunywa, na maji machafu hutokeza uani. Kupima ni rahisi: tia rangi ya chakula kwenye tangi hilo na kaa nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana chooni, mpira ubadilishwe. Tukichimba kisima, kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye karo au choo, tena upande wa juu wa mteremko.

Mahali palipomwagika uchafu, watoto waondolewe kwanza. Dawa ya klorini iliyoandikwa asilimia 3.5 kwenye chupa ichanganywe kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, imwagwe juu ya uchafu na kuachwa dakika 10 kabla ya kuzoa na kufukia. Isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa hewa ya sumu. Wala mtu asiingie ndani ya karo kutafuta kilichoziba, hata kwa dakika moja, hata akifungwa kamba na majirani. Hewa ya humo huua haraka, na mara nyingi anayeingia kuokoa hufa pia.

Na mtu akianza kuharisha maji matupu, apewe maji ya chumvi ya pakiti mara moja na apelekwe kituo cha afya, huku akiendelea kunywa njiani.