Siku ya Posho na Simu ya Mkononi: Mpaka wa Kazi na Mapumziko Bihambwe

Majina ya siku katika Kiswahili cha Kongo Mashariki yanaonyesha jinsi jamii ilivyogawa kazi na mapumziko. Jumamosi huitwa siku ya posho, na Jumapili siku ya Mungu. Huko Katanga, Jumatatu ni siku ya kazi moja, Jumanne kazi mbili, na hivyo hadi kazi tano. Posho ilikuwa chakula ambacho makampuni ya enzi ya ukoloni, kama Union Minière du Haut-Katanga iliyoundwa mwaka 1906, yaliwagawia wafanyakazi wao. Juma lilipata majina yake kutokana na ratiba ya mwajiri; hata hivyo, lugha yenyewe iliweka kando siku moja isiyohesabiwa miongoni mwa kazi.

Sheria nayo ina hesabu yake. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka kikomo cha saa 45 kwa juma. Hesabu hiyo hudhani kwamba kazi ina mlango, na mlango ukifungwa kazi imekwisha. Simu ya mkononi haina mlango. Kwa desturi, mgeni hubisha hodi na kungojea aambiwe karibu. Ujumbe wa mkubwa wa kazi huingia bila hodi, hata siku ya Mungu.

Jambo hili lina uzito wa pekee Bihambwe, katika Masisi. Vilima vya Rubaya, vilivyo jirani, hutoa koltani, madini yenye tantali inayotumiwa katika vipuri vidogo vya simu. Kifaa kinachomnyima mwalimu au muuguzi mapumziko kimetokana kwa sehemu na jasho la mchimbaji ambaye saa zake hazihesabiwi na ofisi yoyote.

Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2016 kuhusu haki ya mfanyakazi kujitenga na simu ya kazi, na nchini Kenya mswada wa namna hiyo ulipelekwa katika Seneti mwaka 2022. Lakini kuzima simu si jawabu kamili kwa Masisi. Rubaya ilitekwa na waasi wa M23 mwezi wa Aprili 2024. Mahali pa vita, simu huleta habari za usalama wa jamaa, na fedha pia hupokelewa kwayo. Anayeizima hujitenga na kazi, lakini pia na ndugu zake na posho yake.

Basi linalotakiwa ni kutenganisha wito na wito. Wakubwa na wafanyakazi waweza kupatana kwamba jambo la dharura lisemwe kwa sauti, na la kawaida liandikwe na kungojea siku ya kazi. Neno pumzika lina undugu na pumzi: anayenyimwa mapumziko hunyimwa nafasi ya kuvuta pumzi.