Kinalisha? Kinalika? Kinapikika? Maswali Matatu Kuhusu Chakula cha Kuongeza Uzito



Katika ziara zetu sharikani tumeulizwa swali moja mara nyingi kuliko mengine yote. Wanakamati wanasema, "Unga tunanunua, unga tunagawa, mbona mtoto haongezeki?" Swali hilo ni la haki, nasi tunalijibu kwa kuanza na kosa letu wenyewe.

Mradi wetu wa lishe ulipoanza, tuligawa unga uliochanganywa vitu vingi: mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya na karanga, vyote vikiwa vimesagwa pamoja. Tuliamini kuwa kadiri vitu vinavyoongezeka ndivyo lishe inavyoongezeka. Taarifa zetu zilihesabu mifuko iliyotoka stoo. Siku moja tulimtembelea bibi mmoja anayelea mjukuu wake, tukakuta mfuko wetu umewekwa pembeni, umepungua kidogo tu. Bibi hakutuficha. "Wanangu," alisema, "unga wenu una uchungu. Mtoto anauonja mara moja, anageuza uso. Halafu unataka kuni nyingi, na kuni nazifuata mbali."

Maneno hayo yalitufundisha kuwa chakula cha kuongeza uzito hupimwa kwa maswali matatu. Je, kinalisha? Je, kinalika? Je, kinapikika katika nyumba ya mlaji mwenyewe? Kikishindwa swali moja, mawili yaliyobaki hayakiokoi.

Je, kinalisha? Tuangalie ndani ya kikombe

Tumbo la mtoto mdogo ni dogo. Kwa makadirio ya wataalamu, hubeba kiasi cha gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 hushiba kwa kitu kama gramu 240, yaani karibu kikombe kimoja. Hivyo basi, jambo kubwa ni kilichomo ndani ya kikombe hicho.

Uji mwepesi wa mahindi wenye gramu 25 za unga katika kikombe una kilokalori 90 hivi za nishati. Sehemu iliyobaki ni maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya vizuri anahitaji kilokalori 300 hivi kwa siku kutoka kwenye vyakula vingine, na mtoto wa miezi 12 hadi 23 anahitaji kama 550. Kwa uji huo mtupu, huyu wa pili angepaswa kunywa vikombe sita kila siku. Haiwezekani. Mtoto anashiba maji, mama anaamini amekula, na mstari kwenye kadi ya kliniki unalala.

Sasa tuchukue kikombe kilekile. Tukiongeza kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa, tunapata kama kilokalori 90 zaidi. Kijiko cha chai cha mafuta ya kula kinaleta 40, na kijiko cha chai cha sukari 16. Jumla inakaribia 240. Nusu ya maji ikibadilishwa kwa maziwa, tunapita 300. Kikombe hakikuongezeka, lakini nishati imezidi mara tatu. Siri iko kwenye mafuta: gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4.

Hata hivyo, mafuta na sukari peke yake hujaza nishati bila kujenga mwili. Mwili hujengwa na protini, vitamini na madini. Kwa hiyo karanga, maziwa, mayai, dagaa, maharage, mboga za majani na matunda vinabaki na nafasi yao. Kwa sharika zilizo karibu na maeneo ya michikichi, mafuta mekundu ya mawese ni zawadi ya pekee, kwa kuwa yanatoa nishati na pia ni chanzo kizuri cha vitamini A.

Je, kinalika?

Chakula kisichoingia mdomoni hakina lishe yoyote. Uchungu aliolalamikia yule bibi ulikuwa na sababu. Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa huwa na ladha mbaya, na pia huzuia mwili kutumia protini yake. Karanga zikisagwa na kuhifadhiwa ndani ya unga, mafuta yake huharibika upesi na unga wote hunuka. Ndiyo maana wataalamu wa lishe nchini wanashauri karanga zisagwe kidogo kidogo na kuongezwa wakati wa kupika, na soya itayarishwe peke yake. Nafaka moja au mbili zinatosha. Mahindi, mchele na ngano ni ndugu wa kundi moja, hivyo kuzilundika pamoja hakuongezi mengi.

Dagaa nao wana mtihani wao. Mama wengi huogopa harufu. Akina mama wa vikundi vyetu wametuonyesha njia: dagaa huondolewa vichwa, huoshwa, hukaushwa vizuri, hukaangwa bila mafuta mpaka wawe wakavu kabisa, kisha hutwangwa. Unga wake huwekwa kidogo kwenye mboga au kwenye ndizi za kupondwa, wala si kwenye uji wenye sukari. Mtoto anakula bila kushurutishwa.

Je, kinapikika?

Hapa ndipo miradi mingi hukwama. Mama anaondoka shambani alfajiri na kurudi jua likiwa juu. Anayebaki na mtoto ni dada yake mwenye miaka tisa au bibi asiyeona vizuri. Mapishi yanayotaka saa nzima jikoni na milo mitano kwa siku yatabaki kwenye karatasi ya semina.

Tulichokiona kinafaa ni kutenganisha kazi. Karanga hukaangwa na kusagwa mara moja kwa wiki. Unga wa dagaa vilevile, ukahifadhiwa kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Chakula cha familia kikiiva, sehemu ya mtoto hutolewa kwanza na kuongezwa kijiko cha karanga au mafuta. Kati ya mlo na mlo mtoto hupewa kisichohitaji moto: parachichi, ndizi mbivu, maziwa yaliyochemshwa asubuhi. Nusu ya parachichi lenye ukubwa wa wastani ina kilokalori 160 hivi na haimalizi hata ukuni mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Kimea: hazina ya nyumbani

Upo ujuzi mwingine ambao wazee wetu wanaufahamu vizuri kwa ajili ya togwa. Miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania waliutangaza kwa ajili ya watoto. Ni kimea.

Ulezi huloweshwa usiku kucha, huchujwa, hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu mpaka uote, kisha hukaushwa juani na kusagwa. Wakati wa kupika, mama hupika uji mzito, wenye unga mara mbili ya kawaida. Huuepua na kuuacha upoe kidogo, kisha huchanganya kijiko cha chai cha unga wa kimea. Baada ya dakika chache uji mzito unalegea na kunyweka. Vimeng'enya vya kimea vimekata wanga vipande vidogo. Uji huchemshwa tena kidogo, na uko tayari. Mtoto anapata nishati ya vikombe viwili katika kikombe kimoja, bila kununua kitu dukani. Tahadhari ni moja: kimea kisitiwe kwenye uji unaotokota, kwa sababu moto mkali huua vimeng'enya hivyo.

Paketi za dawa-chakula

Wafadhili kadhaa wametuuliza kwa nini tusinunue zile paketi za rojo la karanga zinazotumika hospitalini. Chakula hicho kilibuniwa mwaka 1996 na Wafaransa wawili, daktari André Briend na Michel Lescanne. Kina karanga, unga wa maziwa, mafuta, sukari, vitamini na madini. Paketi moja ya gramu 92 ina kilokalori 500. Hakipikwi, hakichanganywi na maji, na watoto wanakipenda. Kimefaulu maswali yetu yote matatu, na kimeokoa watoto wengi ambao zamani wangelazwa wiki nyingi.

Lakini paketi hiyo ni dawa kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, na hutolewa kwa kipimo na mtaalamu wa afya. Si chakula cha kugawa baada ya ibada. Kamati ya diakonia ikikuta mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mkanda wa kupima mkono unasoma chini ya sentimita 11.5, au amevimba miguu yote miwili, asipewe uji wa majaribio. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama pekee. Mafunzo yetu ya jikoni ni kwa ajili ya wale walio kati ya hatari na afya, na kwa wale waliotoka hospitali ili wasirudi.

Wagonjwa na vijana wa mazoezi

Maswali hayohayo yanawahusu watu wazima. Mtu mzima anayeishi na virusi vya UKIMWI bila dalili anahitaji nishati zaidi kwa asilimia 10 hivi. Akiugua au akiwa katika kupona, nyongeza hufika asilimia 20 hadi 30. Kwa mama anayehitaji kilokalori 2,000, hiyo ni 400 hadi 600 zaidi, wakati hamu ya kula imepotea na mdomo una vidonda. Mwenye hali hiyo hawezi kumaliza sahani ya ugali. Kikombe cha uji wenye maziwa na karanga, kidogo kidogo mara sita kwa siku, kitamfaa kuliko mlo mmoja mkubwa.

Vijana wetu wanaonyanyua vyuma nao wanataka kuongeza mwili, na baadhi yao hutumia fedha nyingi kwa poda za makopo. Tunawaambia: yai moja lina gramu 6 za protini, na gramu 100 za maharage makavu zina kama 22. Uji wa maziwa na karanga asubuhi, maharage mchana, mayai jioni, na ndizi mfukoni vinajenga misuli kwa bei ya nyumbani.

Neno kuhusu usalama

Karanga na mahindi vikihifadhiwa na unyevu huota ukungu unaozalisha sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016, mikoani Dodoma na Manyara, sumu hiyo iliua watu wapatao 20. Kamati zisinunue karanga zilizosinyaa au zenye ukungu kwa sababu ya bei nafuu.

Tunachoomba

Kwa kamati za sharika: kabla ya kununua unga wowote, upikeni na kuuonja pamoja na akina mama watakaoutumia. Zaidi ya hayo, fikirieni kununua kikaango, kinu na mbegu za ulezi kwa kila mtaa, kwani hivi hubaki baada ya unga kwisha.

Kwa wafadhili: tuvumilieni tunapobadili namna ya kutoa taarifa. Badala ya kuwaandikia idadi ya mifuko iliyogawiwa, tutawaandikia ni watoto wangapi mstari wao kwenye kadi umepanda. Hesabu hiyo wakati mwingine itakuwa ndogo na ya kututia aibu. Lakini ndiyo hesabu ya kweli.

Tunamkumbuka nabii Eliya katika 1 Wafalme 19, alipokuwa amechoka kiasi cha kutamani kufa. Malaika hakumpa mahubiri marefu. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya alikula, akalala, akaamshwa ale mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Mkate wa kawaida, tayari kuliwa, mara mbili. Kwa nguvu za chakula hicho alitembea siku 40. Nasi tuwaandalie walio dhaifu kati yetu chakula cha namna hiyo.

Mungu awabariki.