Lebo ya @Test, na jaribio langu lililokuwa limelala

Nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, niliandikia kikoba cha mtaani kwetu programu ndogo ya Java ya kutunza hesabu: hisa, mikopo na faini za kuchelewa kikao. Niliandika pia majaribio 14 ya kuikagua. Nikayaendesha, rangi ya kijani ikatokea, nikafunga kompyuta nikalala.

Wiki mbili baadaye mweka hazina akanipigia: "Mwanangu, mbona huyu mama katozwa faini mara mbili kwa kikao kimoja?"

Kilichoniuma ni kwamba jaribio la kosa hilohilo nilikuwa nimeliandika. Lipo. Ila halikuwahi kuendeshwa hata siku moja, kwa sababu nilisahau kuweka neno moja juu yake: @Test. Basi leo tuzungumzie maneno haya yanayoanza na @. Yanafanya nini hasa?

Tuanze na jaribio lenyewe. Jaribio la kiotomatiki ni kipande cha msimbo kinachokagua msimbo mwingine: nikikupa hiki, natarajia unirudishie kile, ukileta tofauti, napiga kelele. Majaribio yakiwa mawili unaweza kuyaita moja moja. Yakifika mia, unahitaji chombo cha kuyakusanya na kuyaendesha. Kwenye Java, chombo kinachojulikana sana ni JUnit, ambacho Kent Beck na Erich Gamma walianza kukiandika mwaka 1997 wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta.

Sasa, JUnit inajuaje kipi ni jaribio na kipi si jaribio? Zamani ilitazama jina. Kila methodi ya jaribio, yaani kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake, ilipaswa kuanza na "test". Kidole kikiteleza ukaandika "tset", inarukwa kimyakimya.

Mwaka 2004 Java 5 ikaleta anotesheni, na mwaka 2006 JUnit 4 ikazifanya msingi wake. JUnit 5 ya mwaka 2017 ilibadilisha baadhi ya majina, na ndiyo ninayoitumia hapa.

Fikiria mizigo kwenye buti la basi. Kila mzigo una kibandiko: Morogoro, Dodoma, Singida. Kibandiko hakibebi mzigo; konda ndiye anayekisoma na kujua ashushe wapi. Anotesheni ni kibandiko, JUnit ndiye konda. Programu inapoendeshwa, JUnit inapitia methodi zako, inasoma vibandiko, kisha inaamua cha kufanya. Tazama:

@BeforeEach
void andaaDaftari() {
    daftari.futaYote();
    daftari.sajili("A");
}

@Test
void fainiNiMojaKwaKikao() {
    daftari.amechelewa("A", 3);
    daftari.amechelewa("A", 3);
    assertEquals(2000, daftari.faini("A"));
}

Hapa mwanachama A ameandikwa mara mbili kuwa kachelewa kikao cha 3, kama mtu akibonyeza kitufe mara mbili kwa bahati mbaya. Tunatarajia faini ibaki shilingi 2,000.

Ile @BeforeEach inasema: fanya hivi kabla ya kila jaribio. Ndugu yake @AfterEach husafisha baada ya kila jaribio. @BeforeAll na @AfterAll hufanya kazi mara moja tu, mwanzo na mwisho wa kundi zima, kwa mfano kufungua na kufunga hifadhidata. Mpangilio huu una maana kubwa: jaribio la pili lisikute uchafu wa la kwanza. Ukitegemea jaribio moja liandae data ya jingine, siku mpangilio ukibadilika utalia.

Lakini rudi kwenye basi. Mzigo usio na kibandiko konda haushushi, na wala hakupigii simu kukuuliza. Methodi isiyo na @Test ni msimbo halali kabisa kwa Java. Itakaa hapo, imelala. Kwa hiyo kijani maana yake ni "yote yaliyoendeshwa yamefaulu", si "yote uliyoandika yamefaulu".

Tangu siku ile nina mazoea matatu. Kwanza, nasoma idadi kabla ya rangi: nimeandika 14, yameendeshwa mangapi? Pili, nikiandika jaribio jipya nalivuruga makusudi nione likishindwa, ndipo nalirekebisha. Tatu, nikitaka kusimamisha jaribio kwa muda siondoi @Test. Naongeza @Disabled pamoja na sababu, ili ripoti ionyeshe kuwa limerukwa.

Na angalizo moja: JUnit 4 na JUnit 5 zote zina @Test, ila zinatoka kwenye vifurushi tofauti. Ukiingiza kile kisicho chako, jaribio linaweza kurukwa vilevile.

Nilipoweka lebo yangu, ripoti ikasoma 14, na moja likawa jekundu. Kurekebisha kulichukua dakika kumi. Yule mama akarudishiwa 2,000 yake kikao kilichofuata, na mimi nikaomba radhi mbele ya wote.

Una mradi wenye majaribio? Ufungue leo, uyahesabu.